Sauti ya Senge

SEHEMU YA KWANZA

Saa kumi jioni, Jumamosi moja ya Agosti 2016, ukumbi wa video wa Papa Deki mtaani Marachi, mjini Busia, ulikuwa umejaa mpaka mlangoni na VJ hakuwa amefika.

Kwa mgeni hilo si jambo. Kwa mtu wa mpakani ni msiba. Filamu isiyo na VJ ni Wazungu wanaokimbizana tu, na hakuna aliyetoa shilingi 20 zake kuja kuwatazama Wazungu wakikimbizana. Aliyelipiwa ni VJ. Hukaa kando ya skrini na maiki mkononi, akashusha sauti ya filamu kwa kidole kimoja, akatafsiri, akatia chumvi, akamsimanga jambazi, akampa shujaa jina la mtu wa kijiji cha pili. Kampala imelea mabingwa wa kazi hiyo, VJ Jingo na wenzake, na kanda zao za Kiganda zimevuka mpaka miaka mingi. Tanzania walikuwa na Lufufu wao. Kule Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie iliishia kuwa sehemu ya filamu yenyewe. Ukiiondoa, nusu ya utamu umeondoka nayo.

VJ wa Papa Deki aliishi Busia ya ng'ambo. Siku hiyo baiskeli yake ilikuwa imefungiwa stoo na mwenye baa aliyechoka kumdai, naye akaona haya kuja kwa miguu. Ndani ya ukumbi watu walianza kupiga mabati kwa ngumi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, hewa hakuna, jenereta inanguruma nyuma. Papa Deki, Mteso mnene wa Amagoro aliyepata jina lake enzi za mikanda ya VHS, alisimama mlangoni akihesabu vichwa na kuhesabu pesa atakazorudisha.

"Papa, nipe maiki," akasema msichana aliyekuwa akiuza njugu na simsim kwenye beseni hapo mlangoni.

"Mwanangu, hawa si watoto wa shule."

"Nimewaona. Nipe."

Msichana mwenyewe aliitwa Ajiambo, Msamia, umri miaka 20, Kidato cha Nne alimaliza 2014 na karo ya chuo haikupatikana. Shuleni alikuwa mtu wa tamasha za drama. Aliwahi kupanda na shairi la mtu mmoja kutoka kanda, hadi kaunti, hadi mkoa wa Magharibi, na huko akabwagwa. Alikuwa Kidato cha Tatu mwaka 2013, mchezo wa Butere Girls, Shackles of Doom, ulipopigwa marufuku na mahakama ikaamuru uigizwe. Wenzake walichokumbuka ni kelele za magazetini. Yeye alichokumbuka ni kwamba jaji mzima alivaa joho akaketi kwa sababu ya maneno waliyoyakariri wasichana wa rika lake.

Alikaa kwenye kiti cha VJ. Filamu ilikuwa ya baba anayemtafuta binti yake aliyetekwa nyara. Kiganda Ajiambo alikijua, maana amekulia soko la Sofia akimsaidia mama yake, na Sofia hujui lini umeacha kuongea lugha moja ukaingia nyingine. Lakini alipofungua mdomo kilichotoka ni Kiswahili.

"Huyu mnayemwona anaitwa Okumu wa Bumala," akaanza. "Usimwone amenyamaza. Jana alilala bila chakula."

Ngumi zikakoma. Dakika ya kumi shujaa akapiga simu kwa watekaji, na Ajiambo akaishusha sauti ya filamu kabisa. "Pesa sina. M-Pesa yangu ina bob 17, na Fuliza wamenikataa." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. (Fuliza ilikuwa haijazaliwa 2016, atasema msomaji mmoja mkali. Ni kweli. Lakini hivi ndivyo watu wa Marachi wanavyoisimulia leo, nami sina ubavu wa kuwanyang'anya.) "Ila nitakutafuta," akaendelea, "kuanzia Alupe mpaka Tororo."

Kilichomwacha Papa Deki mdomo wazi hakikuwa kicheko. Katikati ya filamu mama wa yule binti anapokea simu, anasikia, anakaa chini. Mwandishi wa filamu hakumpa hata neno moja. Ajiambo alimpa. Aliongea polepole, kwa sauti ya mwanamke wa miaka 50 anayemwambia Mungu mambo ambayo hawezi kumwambia mumewe, na wanaume waliokuja kuona bunduki wakainamisha vichwa.

"Jina lako nani?" Papa Deki akauliza taa zilipowaka.

"Ajiambo."

"Hilo la rejista. Kuanzia leo wewe ni Senge."

Alijua alichofanya. Pande zote mbili za mpaka, senge, dada ya baba, ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia msichana yale ambayo mama hayatamki. Mtu akisikia Senge anazungumza, anasogeza kiti.

Miaka miwili iliyofuata ilikwenda mbio. Papa Deki alinunua maiki nzuri akaanza kurekodi, na sidii za Senge zikauzwa kwa shilingi 50. Aliyezivusha ni Jenerali, mmoja wa wale wachukuzi wa Busia wenye ulemavu wa miguu ambao huendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono, mzigo umepangwa hadi juu ya kichwa. Jenerali alizipanga sidii chini ya mafuta ya kupikia, akapita langoni akiwasalimu maafisa kwa majina ya watoto wao. Kila alipotoka ng'ambo alileta habari. Senge anasikilizwa Bugiri. Senge anasikilizwa Iganga kwenye basi. Kwenye kasha hapakuwa na picha, ni midomo miwili myekundu tu. Papa Deki alisema uso hushusha bei.

Na mama yake hakujua. Mama Ajiambo, mjane, muuza omena, mtu wa kanisa Jumatano na Jumapili, aliamini binti yake anahudumu kwenye duka la M-Pesa. Pesa zilikuja nyumbani kila wiki, naye akamshukuru Mungu kwa ajili ya Safaricom.

Mpaka jioni moja ya Novemba 2017 alipoingia nyumbani na mfuko wa plastiki.

"Kuna mteja wangu wa Namayingo amenipa hii badala ya deni," akasema. "Anasema kuna mwanamke humu anaongea maneno ya maana kuliko mahubiri. Niwekee."

Ajiambo aliiona ile midomo miwili myekundu, mikono ikafa ganzi. Akaiweka. Angesema nini? Sauti ikajaa chumba. Mama akatabasamu. Akacheka mara moja. Kisha, ilipofika sehemu ya mama anayepokea simu, akasimama ghafla, omena zikamwagika kwenye sakafu.

"Zima."

"Mama, nilitaka kukuambia..."

"Zima, nimesema!" Alikuwa anatetemeka, na hakuwa akimtazama bintiye kabisa. Alikuwa akitazama redio. "Huyu mtu tulimlilia matanga. Huyu mtu tumemzika."

SEHEMU YA PILI

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Ajiambo amesimama juu ya omena zake. Ilimchukua usiku mzima kuamini kwamba aliyekuwa akizungumza kwenye sidii ni mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Basi amekurithisha," akasema alfajiri, na ndipo akasimulia.

Marehemu baba yake Ajiambo alikuwa na dada mmoja tu. Mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilianza mchezo wa redio ulioitwa Ushikwapo Shikamana, na wanawake wa mtaa mzima wakawa wanaacha ugali motoni kuusikiliza. Msichana yule akasema na yeye ni wa humo. Alipanda basi la Nairobi na viatu vya kuazima. Michezo ya redio alipata, midogo midogo, sauti ya jirani, sauti ya muuguzi, sauti ya umati. Redio haikuwa na nafasi ya majina ya akina yeye mwishoni mwa kipindi. Akarudi nyumbani 1996, Ajiambo alipozaliwa, akambeba mgongoni miezi kadhaa. Kwa vile mtoto alilia mpaka majirani wa ng'ambo ya barabara wakagonga, yule senge alimwita "Redio yangu". Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo, kabla wala baada.

Mwaka 1998 alivuka Malaba na dereva wa trela. Hakurudi. Barua hazikuja, walioenda Mbale na Jinja kumtafuta walirudi mikono mitupu, na mwaka 2003 wazee wakasema yatosha, aliye mbali asiwafunge walio karibu. Wakakata mgomba, wakauvisha, wakauzika mahali pake.

"Nilimwaga udongo kwa mkono huu," Mama akasema. "Halafu jana namsikia anacheka ndani ya redio yangu. Hiyo kazi acha."

Ajiambo hakuiacha. Alihama nayo.

Vikundi vya vitabu teule ndivyo vilivyolisha waigizaji wengi wa Kenya kuliko jukwaa lolote la Nairobi, ingawa hakuna anayevipa tuzo. Unachukua tamthilia ambayo watahiniwa wa KCSE wanaisoma, unakodi matatu, unatupa mavazi kwenye gunia, unazunguka shule kwa shule. Kuanzia 2018 ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea kwa Kiswahili na A Doll's House ya Ibsen kwa Kiingereza. Asubuhi Ajiambo alikuwa Tunu, anachechemea na mkongojo mbele ya wababe wa Sagamoyo. Mchana alikuwa Nora, anaufunga mlango wa Norwe katika bwalo linalonuka maharagwe, Nambale au Amukura au Bungoma. Malipo yalikuwa kwa onyesho. Shule ikichelewesha pesa, mnalala njaa wote, Tunu na Majoka.

Bwalo la shule lina adui mmoja, nalo ni paa. Huku Magharibi mvua hupenda alasiri, na ikigonga mabati hata king'ora hakisikiki. Waigizaji wageni hupiga kelele, koo zinakatika kabla ya onyesho la tatu. Mwalimu aliyeongoza kikundi, mzee mkavu aliyekuwa amecheza majukwaani tangu ujana wake, alimfundisha Ajiambo kinyume chake. "Usishindane na mvua. Shuka chini yake." Alimweka mwisho wa bwalo, akamwambia aseme jina lake bila kuinua sauti mpaka mtu wa mstari wa mbele aweke mkono kifuani ausikie mtetemo. Ilichukua muhula mzima. Alipokuwa amelipata hilo, wasichana 600 waliweza kumsikia Tunu akinong'ona katikati ya gharika.

Huku nyuma ulimwengu wa Papa Deki ulikuwa unabomoka. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, taratibu zikabadilika, Jenerali akajifunza njia mpya. Lakini kilichoua sidii hakikuwa serikali. Ni simu. Watoto walianza kubeba filamu 40 kwenye kadi isiyozidi ukucha, na ukumbi wa mabati meusi ukawa stoo ya mahindi.

Halafu ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa nchi nzima kwa tamko moja la Jumapili, na vitabu teule vikafungwa nazo. Malaba madereva walikuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ya matrela ikarudi nyuma makumi ya kilomita, watu wakaoga barabarani, wakapika chini ya tela. Ajiambo alikuwa pale kwa mahitaji ya kawaida kabisa: aliuza chai.

Ndipo kijana mmoja nadhifu, barakoa safi, kompyuta begani, akamsikia akiita wateja.

"Dada, umewahi kufanya kazi ya sauti?"

Chumba kilikuwa cha kupanga, nyuma ya reli. Kijana alitundika magodoro ukutani, akavisha maiki soksi mpya ili herufi ya P isipige kishindo, akafunga mlango. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma sentensi. Bei ya maharagwe imepanda. Tafadhali weka nambari yako ya siri. Mtoto wa jirani ana homa. Sifuri hadi mia. Kila sentensi mara tatu, kwa furaha, kwa huzuni, kwa hasira. Garimoshi likipiga honi, wanarudia. Trela likishika breki, wanarudia. Kwa siku nane alisoma hivyo, jasho likimtiririka kati ya magodoro, bila hadithi na bila mtu wa kuigiza. Mwigizaji yeyote atakuambia hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kuwa na hasira juu ya bei ya maharagwe kabla ya saa tatu asubuhi.

Alilipwa shilingi 15,000 mkononi. Wakati ule hizo zilikuwa pesa za kumtoa mtu machozi. Karatasi ilikuwa ya kurasa sita, kwa Kiingereza, naye akatia sahihi ukurasa wa mwisho, juu ya kreti ya soda.

Miaka ikapita. Shule zikafunguliwa, akarudi jukwaani. Mwaka 2024 akaitazama The Wild Robot mara tatu, kwenye simu ya rafiki, kwa sababu moja tu: roboti yule ni Lupita Nyong'o, na uso wa Lupita haumo. Ajiambo alikuwa Kidato cha Nne mwaka ule Lupita alipopokea Oscar kwa 12 Years a Slave, na tangu hapo alikuwa akiifuatilia njia yake, Juliet wa jukwaa la Phoenix Nairobi akiwa bado msichana wa shule, kisha Yale, kisha Eclipsed ya Danai Gurira huko Broadway, na sasa mashine inayojifunza kulea kifaranga. Sinema, jukwaa, sauti. "Yeye wa Kisumu, mimi wa Busia," alimwambia Mwalimu. "Ni saa mbili kwa matatu." Mwalimu akamwambia baba yake Lupita ni profesa, matatu hilo halipiti kwao. Kauli ya kikatili, lakini mzee hakuwa mtu wa kumdanganya mwanafunzi.

Matatu lilipita. Mwaka uliofuata mtayarishaji wa filamu kutoka Nairobi, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Madam, alitua Malaba akitafuta mwanamke wa kuigiza mke wa dereva wa trela. Aliona wanawake 30. Ajiambo aliposoma mistari miwili, Madam alifumba macho.

"Sauti yako nimeisikia mahali," akasema.

Hakusema wapi.

Kupiga picha kulimtesa. Jukwaani uso wako ni wa mtu wa mwisho bwaloni, mbele ya kamera ni wa mtu aliyelala nawe mto mmoja. "Punguza," mwongozaji akawa anamwambia. "Punguza tena. Sasa usifanye kitu, fikiria tu." Ilipofika wiki ya pili akalipata, na waliokuwa wakishika taa wakaanza kusahau chai yao ikapoa.

Siku ya onyesho kubwa walifunga kipande cha barabara kabla ya daraja la mto Malaba. Umati ukajipanga nyuma ya kamba, mataniboi wakapanda juu ya matrela. Mke wa dereva anatakiwa kumwita mumewe anayevuka bila kugeuka nyuma. Mwongozaji akasema hapa usipunguze, hapa toa yote. Ajiambo akatoa yote.

Kukawa kimya. Kisha mwanamke mmoja nyuma ya kamba akapiga ukelele.

"Ni yeye! Ndiye huyo mwizi! Sauti yake hiyo!"

Kamba ikakatika. Watu wa soko, wake kwa waume, wakaja mbio, mmoja ana jiwe, mmoja ana kiatu. Walinzi wawili wa filamu wakatoweka. Na aliyewapita wote, akaisimamisha baiskeli yake ya magurudumu matatu hatua moja mbele ya Ajiambo, alikuwa Jenerali. Mvi zilikuwa zimemjaa kidevuni. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Senge," akasema. "Elfu 80. Akiba yangu yote. Niliitoa kwa sababu ni wewe uliniambia."

Akainua simu, akaibonyeza. Tangazo likaanza, la chama cha akiba kinacholipa maradufu kwa siku 30. Mcheko mdogo mwanzoni ulikuwa wake. Ile namna ya kushuka chini ya mvua ilikuwa yake. Lakini maneno hayo, tangu azaliwe, hakuwahi kuyatamka.

SEHEMU YA TATU

Aliyewaokoa ni Jenerali. Aligeuza baiskeli ikawakabili watu, akasema kwa Kiteso, kwa Kisamia na kwa Kiswahili kwamba atakayerusha jiwe aanze na yeye. Madam akamsukumia Ajiambo ndani ya gari, wakaishika barabara ya Busia bila kusimama.

Jumatatu walikuwa watano katika ofisi ya wakili, juu ya duka la nguo: Ajiambo, mama yake ambaye hakuwa amezungumza naye vizuri tangu Novemba ile, Jenerali, Madam aliyejitolea kulipa gharama, na kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Alupe, fundi wa sauti, aliyebeba spika mbili kwenye kikapu cha mayai.

Wakili alisoma zile kurasa sita, akarudi ukurasa wa nne. "Hapa umewapa sauti yako kwa matumizi yote yanayojulikana sasa na yatakayobuniwa baadaye." Akavua miwani. "Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma tangu Julai mpaka Novemba, na mashine za kuiga sauti na sura zilikuwa moja ya mambo waliyogombania. Wao wana chama. Wewe ulikuwa na kreti ya soda."

"Kwa hiyo nimekwisha?"

"Sikusema hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inautaja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole. Mtu hauzi kidole chake kwa karatasi asiyoielewa. Lakini nitahitaji kuonyesha kwamba matangazo haya yametengenezwa na mashine, hukuyasoma wewe. Nikishindwa hapo, polisi watakuhesabu mwenza wa matapeli."

Fundi akaunganisha spika. Matangazo yaliyosambazwa kwa wanawake wa Sofia yalikuwa matatu. Akacheza la kwanza, akasimamisha. "Sikilizeni pumzi. Hakuna. Amesema sentensi nne bila kuvuta hewa." La pili vivyo hivyo, na neno "maharagwe" ndani yake lilikuwa lile lile la mwaka 2020, na kwa mbali, ukiinamisha sikio, kipande cha honi ya garimoshi ambacho yule kijana nadhifu hakukifuta. Jenerali akapiga goti lake kwa furaha. Wakili akaandika.

"Tatizo ni la tatu," fundi akasema.

"Tatizo gani?"

"Si la mashine."

Wote wakamgeukia Ajiambo. Mama yake akashika ukingo wa meza.

"Mimi sijarekodi chochote!"

"Najua. Dada, uliwasomea sentensi za Kisamia?"

"Kiswahili tu."

"Hii ni Kisamia. Na mashine iliyolishwa sauti ya 2020 itabaki na umri wa 2020." Alisita. "Huyu ni wewe, lakini amekuzidi miaka 30."

Akabonyeza. Pumzi ndefu, ya mtu aliyepanda ngazi. Kikohozi. Jogoo. Halafu sauti ya Senge, nzito zaidi, imekwaruzika pembeni, ikiwaambia watu wa Sofia wasitoe hata shilingi, kwamba yule anayewaita si mtoto wao, ni karatasi inayozungumza. Hapakuwa na tangazo lolote humo. Lilikuwa onyo, lililotumwa kwenye kundi la wanawake wa soko usiku mmoja kabla ya pesa kupotea, na hakuna aliyelisikiliza mpaka mwisho. Mwishoni sauti ilibadilika, ikawa ya mtu anayeinama juu ya kitanda cha mtoto.

"Redio yangu. Nani amekufungulia huko?"

Mama Ajiambo alinyoosha mkono. Hakulia. "Nambari iliyotuma hii mnayo?"

Fundi alikuwa nayo. Ilianza na 256, ya Uganda. Mama alipiga mwenyewe, akaweka spika. Iliita mara mbili.

"Nilijua mtapiga," sauti ikasema. Kimya kidogo. "Wifi, bado unauza omena kwa deni?"

"Tulikuzika," akasema Mama Ajiambo. "Tulizika mgomba."

"Nilisikia. Mlinivisha ile gauni ya bluu. Wifi, nitaeleza yote, lakini si leo, leo nisikilizeni. Mimi pia niliwasomea watu hao sentensi, hapa Tororo, kabla yake. Mwenye kampuni namjua kwa sura. Huwatafuta wanawake wenye sauti halafu hurudi baadaye kuwapa kazi nzuri, ili wasimtafute. Muulizeni mtoto ni nani aliyempa kazi nzuri mwaka huu."

Ajiambo aligeuza kichwa polepole kuelekea kiti cha Madam.

Madam hakuwa ameketi tena. Alikuwa mlangoni, mgongo umeegemea mbao, na ufunguo wa ofisi alikuwa ameshauzungusha mara mbili. Hakuonekana mwenye hofu. Alionekana amechoka.

"Mama, kata hiyo simu," akasema. "Akilitaja jina langu hakuna atakayetoka humu kabla sijawaambia yeye amelipwa kiasi gani kunisaidia."

Itaendelea Jumamosi ijayo.